Maji ya Kifuu

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hiyo humkumbusha mkubwa kuwa kilicho kidogo machoni pake huwa ni kikuu kwa aliye mdogo. Ni nadra, hata hivyo, kuulizwa swali la upande wa pili: huyo aliyeyatia maji kifuuni ana deni gani kwa chungu? Swali hilo linamhusu moja kwa moja mtu anayetaka kuiweka bahari sebuleni mwake, ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe na samaki wa rangi.

Na achukuliwe mtu wa Kwamsisi. Mkoani Tanga jina hilo lina wenyewe wawili: Kwamsisi ya Handeni, katika nchi ya Wazigua, na Kwamsisi ya mjini Korogwe, karibu na Mto Pangani. Zote mbili zimo katika mkoa wa pwani, lakini aliye huko haioni bahari akifungua dirisha. Mtoto anaweza kukulia hapo, akamla changu na dagaa miaka yote, asimwone samaki wa baharini akiogelea hata mara moja. Mzazi au mwalimu akitamani kumwonyesha, nani atamlaumu?

Anayeanza kazi hii hudhani kuwa shughuli kubwa ni kupata samaki. Kumbe samaki ni wa mwisho. Tangi dogo la lita 80 linahitaji karibu kilo tatu za chumvi, kwani kila lita ya maji ya bahari hubeba gramu 35 hivi. Tena si chumvi ya jikoni, kwa sababu bahari ina kalisi, magnesi na potasi pia, na matumbawe hujijenga kwa hiyo kalisi. Maji yakisha kukolea, mwenye tangi hungoja. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzaa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua mwezi mmoja au mwezi na nusu kujenga maskani yao katika mawe na mchanga. Asiyeweza kungoja huzika samaki. Na ajabu ni kwamba tangi dogo, ambalo kila anayeanza hulikimbilia kwa urahisi wa bei, ndilo gumu zaidi: maji machache hubadilika upesi, joto likipanda au samaki mmoja akifa bila kuonekana.

Hapo ndipo jambo la maadili linapoanza. Kwenye mwamba, bahari hufanya kazi zote hizo bila kuombwa: maji hujaa na kupwa, mawimbi huingiza hewa, na uchafu hubebwa ukapotea katika ukubwa. Amtoaye samaki mwambani huwa amejitwika kazi ya bahari nzima. Kwa hiyo ni vigumu kumwita samaki huyo mali. Mali huweza kuachwa kabatini mwenyewe akaenda safari. Samaki hawezi kuachwa. Neno linalofaa zaidi ni amana, na amana haina siku ya mapumziko. Umeme ukikatika usiku, pampu husimama na hewa ndani ya maji hupungua. Aliyelala hana udhuru kwamba alilala.

Tena mara nyingi anayeipokea amana siye anayeitumikia. Mwaka 1846 Bibi Anna Thynne, mke wa kasisi wa London, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay, akayaweka nyumbani kwake mjini. Hakukuwa na pampu wakati huo. Mtumishi wake wa kike ndiye aliyesimama kando ya dirisha lililo wazi, akiyamimina maji kutoka chombo hiki hadi kile, kwa nusu saa na zaidi, ili yapate hewa. Historia imelihifadhi jina la bibi. Mikono iliyowaweka hai viumbe wale haina jina.

Samaki wenyewe hutoka wapi? Wale wa maji baridi wanaouzwa kwa mapambo, wengi wao huzalishwa na watu. Wa maji ya chumvi, wengi bado huvuliwa mwambani. Yule mdogo wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, aliyepata umaarufu kwa filamu ya mwaka 2003, huweza kuzalishwa katika matangi, na hilo linamfanya awe chaguo la haki zaidi kwa anayeanza. Pwani ya Kenya ina wazamiaji ambao kwa miaka mingi wamewakamata samaki wa rangi kwa nyavu za mkono ili wasafirishwe ng'ambo. Haifai kuwahukumu watu hao upesi. Mzamiaji anayemtoa samaki mmoja akauacha mwamba umesimama hafanani na mvuvi wa baruti, ambaye maji ya Tanga yamemjua sana, na ambaye kwa mlipuko mmoja huvunja nyumba pamoja na wenyeji wake.

Lakini upole wa mkono mmoja si upole wa mikono elfu. Mwingereza Philip Henry Gosse, aliyeshiriki katika kuanzisha nyumba ya samaki ya bustani ya wanyama ya London mwaka 1853, aliandika mwaka uliofuata kitabu kilichowapa watu wengi shauku ya tangi. Wakamiminika ufukweni na vikapu. Mwanawe, Edmund, alieleza mwaka 1907 jinsi vidimbwi vya miambani ambavyo baba yake alivipenda vilivyokombwa na wakusanyaji, na jinsi mzee alivyohuzunika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Vidimbwi vilimalizwa na wapenzi wake.

Kwa mtu wa Handeni kuna hesabu nyingine, ya maji matamu. Maji ya tangi yakikauka, chumvi hubaki. Kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Tuseme lita moja kwa siku, na lita nane za kubadilisha kila wiki: jumla ni lita 15. Zikipitishwa katika kichujio kinachotoa lita moja safi kwa kila nne, zahitajika lita 60, yaani ndoo tatu kubwa. Handeni ni nchi iliyozoea kiu. Ndoo tatu huko ni safari tatu za mtu mwenye kichwa na shingo. Ni kweli kwamba lita 45 zilizokataliwa na kichujio zaweza kufulia au kumwagilia mchicha. Hata hivyo, swali la nani ameziteka linabaki, na mtumishi wa Bibi Thynne angelitambua mara moja.

Huko Nungwi, Unguja, wanakijiji walianzisha mwaka 1993 hifadhi ya kasa katika kidimbwi cha asili cha Mnarani. Maji yake huja na kwenda na bahari yenyewe, na kasa huachiwa kurudi. Pale mlinzi hakuinyang'anya bahari kazi yake. Ameazima kona tu. Kwamsisi haina kona kama hiyo ya kuazima.

Ina mto, walakini. Mradi mkuu wa maji wa Handeni, uliojengwa kuanzia miaka ya 1970, uliyavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Mto huo hushuka kutoka Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, kisha humwaga maji yake baharini mjini Pangani. Udongo unaomomonyoka mashambani huenda nao, na matumbawe yakifunikwa na tope hukosa mwanga. Maji ya mto yakipunguzwa sana huko juu, chumvi ya bahari hupanda mtoni, na minazi ya Pangani imeshakauka kwa sababu hiyo. Basi mtu wa Kwamsisi, kabla hajanunua kioo wala chumvi, tayari ameshika mkononi mwake maji ya kiumbe ambaye hajapata kumwona.