Pikipiki Ileile, Spea Nyingine

Pikipiki ya porini iliyozeeka, mfano wa Yamaha DT 125 inayopanda vilima vya Gitega nchini Burundi, huzusha swali ambalo Wagiriki walilizusha juu ya merikebu. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mwingine, hata wanafalsafa wakagawanyika: ni ileile, au ni nyingine?

Gereji hulijibu kidogokidogo bila kukusudia. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jekundu huziba filta ya sponji, nayo huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili upya. Mnyororo hubadilishwa pamoja na sproketi zake, kwa kuwa mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika haudumu. Sili za shokapu za mbele zikichoka, oili huchuruzika. Huwekwa sili nyingine, na oili humiminwa kwa kipimo kimoja kila upande. Baada ya miaka ya kazi hiyo huenda kilichobaki cha kiwandani ni chasisi tu, nayo imekwisha kuchomelewa.

Lakini lililo gumu zaidi ni kurekebisha shokapu, maana hapo hakibadilishwi kitu na bado pikipiki hugeuka. Gurudumu la nyuma huinuliwa lining'inie, hupimwa kutoka ekseli hadi alama iliyo juu yake. Kisha dereva hukaa, na kipimo hurudiwa. Tofauti ndiyo mbonyeo, na kwa pikipiki ya porini hutakiwa iwe kama theluthi ya nafasi yote ambayo gurudumu hupanda na kushuka. Ukizidi, nyuma huzama na gurudumu la mbele hukosa mshiko kwenye kona; ukipungua, nyuma hurukaruka juu ya mawe. Nati ya springi hukazwa au kulegezwa hadi kipimo kikubali. Ikilazimu kukazwa hadi mwisho, springi imechoka au ni nyepesi kwa mzigo wake. Ndiyo sababu pikipiki iliyotegwa kwa mtu wa kilo 60 humkataa anayeiazima kupeleka gunia la maharage Muyinga kupitia Karusi. Aristotle alitenganisha mata na umbo. Kwa hesabu yake, robo mzunguko wa nati ingeweza kuwa na uzito zaidi kuliko pistoni mpya. Fundi yeyote angecheka, ingawa si bure.

Jibu jingine liko Gishora, karibu na Gitega, penye ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Ngoma yoyote ngozi yake huchakaa ikawambwa nyingine, na jina halifi, kwa kuwa jina liko kwa watu walioipa heshima. Pikipiki hupewa jina na kiwanda: namba iliyogongwa kwenye chasisi. Anayevuka mpaka wa Kobero, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, huulizwa namba hiyo, si umri wa pistoni.

Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes aliongeza utata: itakuwaje mtu akikusanya mbao zote za zamani za merikebu na kuziunga upya? Katika gereji hilo si fumbo. Spea zilizotolewa kwenye pikipiki moja hufufua nyingine, na namba ya chasisi huamua ipi ni ya nani. Haiamui ipi ni nzima.

Hapo fikihi ya Kiislamu huuliza lake. Mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu, yaani kasoro yake, ana hiari ya kukirudisha au kubaki nacho, na muuzaji anayeijua kasoro hana ruhusa ya kunyamaza. Kubadilisha spea si aibu. Chasisi iliyochomelewa na kupakwa rangi ni aibu. Beringi za usukani nazo hufichika, ila si kwa muda mrefu: gurudumu la mbele huinuliwa, miguu ya shokapu hushikwa karibu na ekseli ikavutwa mbele na nyuma, na zikiwa zimelegea, hugonga.