Siku Njema na Siku Mbaya: Ipi Yasema Kweli?

Leo twataka kutafakari pamoja nanyi jambo linaloonekana dogo. Wako watu katika miji yetu wanaokimbia mbio ndefu kila juma, asubuhi na mapema, bila kufukuzwa na mtu wala kungojewa na zawadi. Si wachezaji wa timu ya taifa. Ni waalimu, makarani, mafundi, wauguzi, akina mama wenye watoto. Sisi nasi tu katika kundi hilo. Na kila mmoja wetu amekutana na fumbo hili: leo miguu ni myepesi kama ya swala, kesho kutwa, katika njia ile ile, imekuwa mizito kama magogo. Mtu ni yule yule, viatu ni vile vile, vilima havikuongezeka. Basi twajiuliza: katika siku hizo mbili, ni ipi inayotuambia kweli juu yetu?

Msiseme upesi kwamba swali hili ni la wanamichezo tu. Mwenye kulijibu vibaya barabarani atalijibu vibaya na nyumbani, na madhara yake, kama tutakavyoona, huweza kumwangukia mtoto asiyekimbia kabisa.

Tutazame kwanza mambo yalivyo. Hapa Lubumbashi, tukishika barabara ya Kasapa kuelekea Chuo Kikuu, siku ya Jumanne twaweza kumaliza kilomita 10 kwa dakika 55, na kurudi tukiimba. Siku ya Ijumaa kilomita zile zile zatudai dakika 63, nasi twarudi kimya. Mwezi wa Julai baridi ya alfajiri yaukaza mwili na vumbi laingia puani. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kushika, jua lachoma mapema. Mvua zikifika, matope yang'ang'ania viatu. Wengi wetu twaandika dakika zetu katika daftari dogo. Kwa mwenye busara daftari hilo ni rafiki. Kwa mwingine limekuwa hakimu: likisema 55, siku nzima yeye ni mtu mzuri, likisema 63, chai haina ladha, na wote walio nyumbani wajua kwamba baba amekimbia vibaya.

Kuna watu wa namna mbili wanaolijibu swali letu haraka.

Wa kwanza asema: siku njema ndiyo kweli. Nilichoweza mara moja, hicho ndicho nilicho. Siku nyingine zote ni ajali. Mtu huyu huitundika siku yake moja nzuri kama picha ukutani, akawaonyesha wageni kwa miaka kumi. Taratibu kiburi chamwingia. Tena hawezi kujifunza lolote, maana kila kosa amelipa jina la bahati mbaya.

Wa pili asema: siku mbaya ndiyo kweli. Ile siku njema ilikuwa bahati. Leo nimejulikana nilivyo. Huyu aonekana mnyenyekevu, lakini tuangalie sana. Unyenyekevu ni kukubali kweli, na huyu hakubali kweli yote; achagua ile inayomwumiza na kuiacha ile inayomtia moyo. Baada ya siku mbaya tatu ataviweka viatu chini ya kitanda, navyo vitakaa humo mpaka panya wavitumie.

Watu hawa wawili wagombana, lakini kosa lao ni moja. Wote wawili wadhani kwamba siku ni kioo, na ya kwamba mtu akijitazama ndani yake ataona uso wake tu. Sivyo. Katika siku moja mna vitu vingi visivyo sisi. Mna usingizi tuliokosa kwa sababu mtoto alilia. Mna bukari tuliyokula au tuliyoikosa jana jioni. Mna malaria inayojificha bado, ambayo itajulikana keshokutwa tu. Jua likiwa kali, moyo hauna budi kupeleka damu nyingi penye ngozi ili mwili upoe. Basi moyo wapiga mbio zaidi, na mwendo wapungua, ingawa mtu hakulegea hata kidogo. Kadhalika baada ya kazi nzito isiyozoewa, maumivu ya misuli hayafiki yote siku ile ile. Mara nyingi huzidi siku ya pili au ya tatu. Hivyo mtu aweza kuadhibiwa Ijumaa kwa kazi njema aliyoifanya Jumatano, naye asijue. Tena mwili haupati nguvu wakati wa kukimbia. Huipata baadaye, katika mapumziko, unapojijenga upya. Siku tuliyoona tumeshindwa huenda ikawa ndiyo iliyoandaa siku njema ya mwezi ujao.

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Kwa mambo mengi ni kweli, lakini mkimbiaji hujifunza kulitumia neno hilo kwa hadhari. Mara ngapi kilomita ya kwanza imetusumbua, na ya nne ikatufurahisha! Na katika marathoni, ambayo ni kilomita 42 na mita 195, wengi hujisikia wenye nguvu nyingi hadi karibu na kilomita ya 30. Hapo sukari iliyowekwa akiba katika misuli na ini huanza kupungua sana, na aliyepita wenzake asubuhi kwa madaha aanza kutembea. Ikiwa saa moja haiwezi kuihukumu saa ifuatayo, siku moja itawezaje kumhukumu mtu?

Basi kweli iko wapi? Sisi twaona iko katika jambo lisiloandikwa katika daftari: kwamba mtu alitoka tena. Dakika 55 na dakika 63 si zake peke yake. Ni za jua, za usingizi, za chakula. Lakini kuamka, kufunga kamba za viatu na kuufuata mwendo unaoupasa mwili wa leo, hilo ni lake. Aristotle alifundisha kwamba fadhila haipatikani kwa tendo moja, bali kwa kuyarudia matendo hata yawe mazoea. Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino alieleza kwamba tendo lililo kuu la fadhila ya nguvu si kushambulia, bali ni kustahimili. Watu wengi hufikiri kinyume. Wamwita shujaa yule arukaye mbele kwa kishindo. Lakini kurukia jambo huchukua dakika. Kudumu ndani yake huchukua miaka.

Hapa yafaa tuseme neno la tahadhari, maana ustahimilivu una ndugu mbaya anayefanana naye, jina lake ukaidi. Huyo Aristotle alisema pia kwamba mazoezi yakizidi huharibu nguvu za mwili, na yakipungua mno huziharibu vilevile. Mwenye homa akimbiaye ili daftari lisiwe na nafasi tupu hastahimili; ajidhulumu. Mwenye kuchomwa goti kila hatua akakaza meno, hana nguvu ya moyo, hana masikio. Je, tutautofautishaje uchovu wa kweli na uvivu? Njia moja rahisi ni kuanza polepole kwa dakika 10. Uvivu mara nyingi huyeyuka mwili upatapo joto. Ugonjwa na jeraha haviyeyuki, huzidi. Na aliye na homa asijaribu hata hizo dakika 10. Alale, apimwe damu. Siku hiyo kupumzika ndiko kudumu.

Mwingine atatuuliza: je, si aibu kuzungumza hivi juu ya uchovu wa kujitakia? Katika barabara zinazoingia mjini, alfajiri ile ile, twapishana na watu wanaosukuma baisikeli zilizopakiwa magunia ya makala. Wametoka mbali porini, nao hawawezi kusema, “Leo miguu ni mizito, turudi nyumbani.” Swali hili ni la haki, nasi hatulikwepi. Kwanza latufundisha kutojivuna: taabu yetu tumeichagua, na twaweza kuiacha. Pili latuonyesha kwamba waalimu wa kustahimili wako karibu nasi. Hawavai viatu vya mbio, wala hakuna anayewapigia makofi. Mkimbiaji apitaye karibu na mtu wa makala asimsalimu, amekimbia bure.

Tena tutoe mfano wa watu wanaojulikana. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960, akikimbia bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Akashinda tena mjini Tokyo mwaka 1964, majuma machache tu baada ya kupasuliwa tumbo. Mwaka 1968, mjini Mexico, mguu wake ulikuwa umeumia. Akaacha mbio karibu na kilomita ya 17. Katika mashindano hayo hayo John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka, akajeruhiwa goti, lakini akaendelea, akafika wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Mmoja aliacha, mwingine alimaliza. Tutasema nini? Kwamba Bikila wa kweli ni yule wa mwaka 1968, na yule wa Roma alikuwa kivuli? Hakuna mwenye akili asemaye hivyo. Mwaka 1969 ajali ya gari ikamfanya asitembee tena. Naye, akiwa katika kiti cha magurudumu, akajifunza kupiga upinde na kushindana. Alikufa mwaka 1973. Saa haikuwa na la kumpimia tena, lakini yule aliyetoka tena alikuwa bado yupo.

Sasa twarudi kwa mtoto tuliyemtaja mwanzoni. Mwalimu ampa mwanafunzi mtihani siku moja, mtoto ashindwa, mwalimu asema mbele ya wote, “Huyu ni mjinga.” Mwalimu huyo amefanya kosa la wale watu wetu wawili: amemsoma mtu katika siku moja. Hakuuliza kama mtoto alikula, kama alilala, kama nyumbani kuna mgonjwa. Mume amsikia mke wake akijibu kwa ukali jioni moja, akasema, “Leo nimemjua.” Bosi aona kazi mbaya moja, akasahau kazi njema za miaka mitatu. Hukumu za namna hii huvunja watu. Mtoto aitwaye mjinga leo, kesho huacha kujaribu. Na akiacha kujaribu, neno la mwalimu huwa kama limetimia.

Hatusemi kwamba matendo ya siku moja hayana uzito. Aliyeiba leo ameiba, na haki yake ifanywe. Twasema tu kwamba udhaifu wa siku si jina la mtu. Tukitaka kumjua mtu, tumtazame kwa muda mrefu, kama tunavyolisoma daftari la mwaka mzima, si ukurasa mmoja. Na tumwulize swali lililo la haki kuliko yote: je, alitoka tena?

Basi ndugu msomaji, ukirudi kesho na dakika 63, oga, unywe chai yako, uwasalimu watoto kwa furaha. Na mmoja wao akikuletea karatasi yenye alama mbaya, keti naye kwanza.