Gundi Chini ya Injini

Stadi, kile kijichuma chenye tredi kinachoshika nati, ilitoka kwa vidole. Fundi alikuwa amelala chini ya Volkswagen Kobe niliyoachiwa na mjomba, anamwaga oili, akatoka kunionyesha: kwenye mzizi wake kulikuwa na gundi ya kijivu iliyokauka. "Hii ilikufa zamani, kaka. Kuna mtu aliifukia."

Injini ya Kobe haina filta ya oili kama za magari ya leo. Ina chujio la waya tu, chini kabisa, limefunikwa kwa kibati cha duara kinachoshikwa na stadi sita za milimita 6. Bolti ya kumwagia oili iko katikati ya kibati; tredi yake ikifa, unanunua kibati kingine, basi. Stadi ndizo zenye kesi, maana zimezama kwenye bloku yenyewe, na bloku ni ya aloi ya magnesiamu, laini kuliko chuma. Gari la aina hii ni gumu, lilishinda Safari Rally mwaka 1962, lakini hapa chini halitaki ubabe.

Chanzo huwa ni tone. Mwenye gari anaona oili sakafuni, anaagiza nati zikazwe. Kibati chembamba kinapinda kwenye matundu, kinaachia upenyo kati ya nati na nati, uvujaji unazidi, spana inarudi kazini. Nati hizi zinataka nguvu ya kiganja tu. Siku moja stadi inang'oka na meno ya bloku.

Sina ugomvi na aliyekaza. Alihofia gari lisimwage oili njiani, na hofu hiyo ni ya mtu anayejali. Ugomvi wangu ni na gundi. Aliyeipaka alijua gari litaondoka kavu, na siku litakapovuja atakuwa fundi mwingine chini yake, naye ndiye atakayeulizwa. Funika kombe mwanaharamu apite: majumbani tumelinda heshima za watu kwa hekima hiyo, na sikatai, ina mahali pake. Lakini injini hii hubeba lita 2.5 tu za oili, na kwa kuwa haina maji, oili hiyo ndiyo inayosaidiana na hewa kuipoza. Ikimwagika kati ya Chalinze na Morogoro, heshima ya nani imelindwa? Ofisini pia nimeiona gundi hii. Daftari la hesabu linakabidhiwa likiwa safi, na aliyelipokea ndiye anayeitwa kujieleza.

Fundi alikwangua gundi yote, akalipanua tundu kwa drili, akachonga tredi ya milimita 8. Tepu ya kuchongea tredi aliipaka grisi ili vumbi la madini linate hapo, lisibaki ndani pampu ikalivuta hadi kwenye beringi. Aliizungusha nusu, akairudisha robo, akaitoa, akaifuta, akaanza tena. Wateja walisubiri, hakuongeza kasi. Akafunga stadi ya ngazi, upande wa 8 umezama kwenye bloku, upande wa 6 unapokea nati ileile. Kibati akakinyoosha kwa nyundo juu ya chuma bapa, akaweka gasketi mpya na washa za kopa.

Kisha, bila kuombwa, akaandika nyuma ya risiti: stadi moja ni ya 8 kwa 6, tano ni za zamani, mbili kati ya hizo zimechoka, zisikazwe kwa nguvu. Akasema karatasi ikae kwenye droo ya dashibodi, fundi ajaye aikute. Alitaja malipo ya kutwa nzima kwa stadi moja. Sikuomba apunguze.