Mwisho wa Hadithi ni wa Nani?

Enzi za mabanda ya video pale Tandika, mtafsiri alikuwa na madaraka kuliko mwongozaji wa filamu. Jambazi akitoroka na pesa, jamaa anashika kipaza sauti: "Huyo hafiki mbali, polisi wanamsubiri bandarini!" Kwenye picha hakuna polisi, hakuna bandari. Lakini watu wanatoka wameridhika, mwizi kakamatwa.

Kule Nairobi madaraka hayo waliyadai watu wenye mhuri. Wanuri Kahiu, mwongozaji filamu aliyezaliwa huko mwaka 1980, hakuanza na ugomvi. Filamu yake From a Whisper (2008) ilihusu bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, siku ileile bomu jingine lilipolipuka kwetu Kinondoni na kuua watu 11. Ikampa tuzo ya mwongozaji bora kwenye tuzo za filamu za Afrika, AMAA, mwaka 2009. Akaja na Pumzi, filamu fupi ya dunia iliyokauka baada ya vita vya maji. Akapigiwa makofi.

Mwaka 2018 akatoa Rafiki. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana kwenye uchaguzi, wanapendana, na si kirafiki tu. Kisa kilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyotwaa Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes, Ufaransa. Wiki chache kabla haijaonyeshwa huko, bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku nyumbani. Septemba mwaka huohuo mahakama ikaifungulia siku saba, kumbi zikajaa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikakubaliana na bodi.

Bodi ilisema filamu inahamasisha mapenzi ya wanawake kwa wanawake. Lakini Kahiu mwenyewe ameeleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, maana ulikuwa na matumaini mno. Wasichana waonekane wakijuta. Angalia hapo, msomaji. Ndani ya filamu hiyo wanapigwa na kundi la watu wa mtaani. Kipigo hakikutosha. Ilitakiwa toba.

Mzazi wa Temeke anaweza kuniuliza: we kijana, hadithi isiyomwadhibu mkosaji inamfundisha nini mwanangu? Swali si la kijinga, watoto huiga. Lakini hebu tumpandishe Sungura kizimbani. Anadanganya, anaiba, anamfanya Simba mjinga, na mara nyingi anaondoka anacheka. Bibi zetu hawakumpiga marufuku. Walituamini kwamba tutacheka naye bila kwenda kuiba karanga za jirani.

Na adhabu yenyewe haimwokoi mwandishi. Kezilahabi alimfikisha Rosa kwenye kujiua katika Rosa Mistika (1971). Adhabu gani zaidi ya hiyo? Bado kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Nadhani kilichowaudhi watu si mwisho, ni kule kuonyeshwa kwamba wazazi na walimu nao wana mkono wao.

Sisi tunaojifunza kuandika tuna ugonjwa huohuo. Kwenye hadithi zetu kibao, changudoa lazima afe kwa UKIMWI ukurasa wa mwisho. Mwulize mtunzi kwa nini kafa, atakwambia "fundisho". Hakujiuliza kama dada yule angemeza dawa zake, akafungua genge Mbagala, akasomesha watoto watatu. Mtunzi hakumtazama mtu wake; aliwatazama majirani. Mimi naona deni letu kwa mhusika ni kumfuata aendako kweli, hata kama hatumpendi.

Na Kahiu pia nina kesi naye ndogo. Ana falsafa anayoiita AfroBubbleGum: sanaa ya Afrika iwe na raha na uchangamfu, si vita na njaa kila siku. Bomba. Ila raha ikigeuka amri, nayo inakuwa bodi nyingine. Bahati nzuri Rafiki haigawi raha ya bei rahisi. Wasichana wanatenganishwa, Ziki anapelekwa London, miaka inapita. Mwishoni Kena yuko peke yake, anasikia sauti ikimwita, mkono unamgusa begani, filamu inakwisha. Hatuambiwi wataishi wapi wala wazazi watasema nini. Ndio huo mwisho uliopelekana watu mahakamani.