Ulafi, Usahaulifu na Suala la Lawama

Ubongo wa mwanadamu ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili huihitaji unapopumzika, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hutokana na glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu. Kwa hiyo umetaboli, ambao ni kazi ya mwili ya kuvunjavunja chakula na kukigeuza kuwa nguvu, ukivurugika, kumbukumbu nayo huingia hatarini. Katika ugonjwa wa Alzheimer baadhi ya maeneo ya ubongo hutumia glukosi kidogo kuliko kawaida, na kwa baadhi ya watu upungufu huo huonekana miaka mingi kabla ya dalili. Unene uliokithiri wa umri wa kati huongeza hatari ya ugonjwa huo, huenda kwa sehemu kwa kuwa hupunguza mwitikio wa seli kwa insulini, homoni ya kongosho inayoratibu sukari. Tena kimeng'enya kimojawapo kinachovunja insulini ndicho huvunja pia amiloidi, protini inayolundikana katika ubongo wa mgonjwa, hivyo insulini ikizidi huenda amiloidi ikakosa kuvunjwa.

Je, aliyekula kupita kiasi akiwa na miaka 45, kisha akapotewa na kumbukumbu akiwa na miaka 75, amejitakia? Mapokeo ya dini yameukemea ulafi bila kusita: Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, kazi yake kubwa kuhusu dini na maadili, kwa ajili ya kuvunja matamanio ya tumbo na ya tupu, na watawa wa Kikristo waliuhesabu ulafi miongoni mwa maovu makuu. Hata hivyo, kukemea tendo ni jambo moja, na kumtwika mtu ugonjwa wake kama adhabu ni jambo jingine kabisa.

John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye pia alisomea utabibu, alidai katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake kuhusu ufahamu wa mwanadamu kwamba mtu hubaki kuwa yule yule kadiri ufahamu wake unavyoyafikia matendo yake ya zamani. Mahakama, alikiri, humwadhibu mlevi hata kwa asichokikumbuka, kwa sababu haiwezi kuhakikisha kwamba kweli amesahau, lakini Siku ya Hukumu hakuna atakayewajibishwa kwa asichokijua. Kwa hoja hiyo ugonjwa huu hufuta kile kile ambacho lawama hujishikiza kwacho. Hoja ni nzuri, ila inasamehe kupita kiasi, kwani hata mdaiwa angesalimika kwa kusahau. Fikihi ya Kiislamu ina busara zaidi hapa: akili ni sharti la taklifu, yaani kubebeshwa wajibu wa kisheria, lakini kupotewa na akili hakufuti deni lililoingiwa wakati wa uzima.

Basi swali lirudishwe kwenye mlo wenyewe: mlaji alijua nini, na aliweza nini? Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja visababishi 14 vya hatari, unene ukiwa mmojawapo, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya upotevu wa akili vingeweza kuepukwa au kucheleweshwa. Lakini hesabu hiyo ni ya umma mzima, na haimwambii mgonjwa yeyote kwamba chanzo chake kilikuwa sahani yake. Jeni ya APOE, inayohusika na usafirishaji wa mafuta mwilini, hurithiwa bila kuombwa, na aina yake mojawapo huongeza hatari ya Alzheimer. Jaribio la mlo uitwao MIND, uliobuniwa kuulinda ubongo, lililochapishwa mwaka 2023, halikuonyesha tofauti ya maana ya uwezo wa akili baada ya miaka mitatu kati ya walioufuata na waliopunguza kalori tu.

Wajibu wa kula kwa kiasi unabaki, ila unawahusu wenye akili timamu, wakiwemo wanaopanga bei ya sukari na mafuta. Kumnyima mzee aliyekwisha kupotewa na kumbukumbu chai yenye sukari kwa hoja kwamba alijiponza mwenyewe hakumlipishi deni lolote, na aghalabu katika hatua hiyo kinachomhatarisha ni kukonda.