Kutunza Karatasi ni Kutunza Amana

Yako maswali yanayoonekana madogo, kumbe mizizi yake imo ndani ya imani. Mojawapo ni hili: Je, mtu anayeacha hati na stakabadhi zake ovyo ana kosa la kimaadili, au ana upungufu wa mazoea tu? Wako wasemao kwamba karatasi ni mambo ya dunia, na kwamba mcha Mungu aliyeshughulika na sala, tabligh na kazi ya kujipatia riziki hana nafasi ya kuketi kuzipanga. Na tulipime neno hili kwa uadilifu.

Chukua mfano wa Msalato, karibu na jiji la Dodoma. Mwaka 1973 ilipoamuliwa kuwa Makao Makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa, ardhi ya pande hizo ilianza kutazamwa kwa jicho jingine. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017, kazi zake zikahamishiwa kwenye halmashauri, na ikaagizwa kwamba hati za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99. Kisha Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa zaidi ya dola milioni 270 kwa ajili ya uwanja wa ndege wa kimataifa wa Msalato, ambao njia yake ya kurukia ilipangwa kuwa na urefu wa mita 3,600.

Basi fikiri: shamba la mtama au uwele, ambalo mpaka wake ulijulikana kwa mti na kwa kauli ya wazee, sasa huulizwa karatasi. Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania inamhakikishia mtu haki ya kumiliki mali, na fidia inayostahili inapotwaliwa. Lakini haki hiyo humfikia kwa urahisi yule awezaye kuonyesha kwamba mali ni yake. Mume akifa, na hati ameificha mahali alipopajua yeye peke yake, mjane na mayatima ndio watakaozunguka ofisi hata ofisi. Uzembe wake haukumdhuru yeye. Umewadhuru wanyonge aliokabidhiwa. Hapo ndipo upungufu wa mazoea unapogeuka kuwa dhulma.

Wengine husema kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana, kwani wazee wetu walitosheka na neno na shahidi. Hoja hii ina heshima yake, lakini Qurani Tukufu imeijibu. Aya iliyo ndefu kuliko zote (2:283) haizungumzii sala wala saumu, bali inazungumzia kuandika deni. Inatuamrisha tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa, kwa kuwa jambo hilo lina uadilifu zaidi, linathibitisha ushahidi, na linaondoa shaka. Hatuandiki kwa sababu mwenzetu ni mwongo. Tunaandika kwa sababu yeye na sisi tu wasahaulifu, na sote tutakufa. Mwenyezi Mungu Mwenyewe hasahau, na hata hivyo ameweka Malaika waandishi, ili kila mtu asomeshwe kitabu chake na asipate la kulalamika.

Vilevile Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifundisha kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia haimpasi kulala siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Na Seyidna Ahmad (a.s.) mwaka 1905 aliandika kitabu Al-Wasiyyat, akaweka mpango ambao aliyeingia humo huusia angalau sehemu ya kumi ya mali yake. Sasa atatoaje sehemu ya kumi kwa ukweli mtu ambaye hajui ana nini, anadai nini na anadaiwa nini?

Lakini tusivuke mpaka. Karatasi ni shahidi wa haki. Si haki yenyewe. Mtume (s.a.w.) alionya kwamba yeye huhukumu kwa kadiri anavyosikia, na kwamba atakayepewa haki ya ndugu yake kwa ufasaha wa hoja amekatiwa kipande cha moto. Basi mwenye hati iliyopangwa vizuri juu ya shamba alijualo moyoni kuwa si lake, ameupanga vizuri ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Imebaki hoja ya nafasi. Sala tano zinatufundisha kwamba nafasi haiokotwi, bali hutengwa. Kama tungengoja shughuli ziishe ndipo tusali, nani angesali? Mkulima wa Dodoma asingoje mvua za Desemba. Baada ya mavuno anayo miezi ya kiangazi. Mfanyakazi wa mjini na atenge robo saa baada ya sala ya Alfajiri kila Ijumaa, afanye hivi:

Kwanza, azigawe karatasi mafungu manne: za ardhi na nyumba; vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo; za madeni na amana; na za wasia na risiti za michango.

Pili, aondoe zisizo na kazi, kwani kurundika si kutunza.

Tatu, azitie katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya ardhi, maana mchwa hawabagui hati ya tajiri na ya maskini.

Nne, amwonyeshe mkewe au mtoto mwaminifu mahali zilipo. Wasia waweza pia kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).

Ndugu msomaji, jiulize usiku huu: nikiitwa kabla ya asubuhi, je, nitakaowaacha watajua haki yao iko wapi, na wanaonidai watalipwa? Ukisita kujibu, basi robo saa hiyo ni wajibu wako wa ibada.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzirudisha amana kwa wenyewe, na atupe vitabu vyetu katika mkono wa kulia. Amin.