Je! Kutetea Haki Yako ni Kujipenda?



Mara nyingi twasikia Wakristo wakisema ya kwamba mjane aliyenyang'anywa shamba heri anyamaze, maana mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana. Neno hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Lakini Paulo yule yule, alipoonewa, alitaka rufani kwa Kaisari. Basi na tupime vema: atetaye haki yake, je! ajipenda nafsi yake tu?

Tutazame habari ya Holaria Pastory, mwanamke wa wilaya ya Muleba, Uhaya. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipozeeka, naye hana mtu wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake akamshtaki, kwa kuwa sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikamwamuru arudishe fedha. Holaria akakata rufani wilayani, akashinda. Jamaa yake akapeleka shauri Mahakama Kuu, Mwanza. Na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akahukumu ya kwamba haki ya mwanamke katika shamba alilorithi ni sawa na ya mwanamume, maana Katiba yakataza ubaguzi. Wala ukoo haukudhulumiwa. Uliachiwa nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha fedha zile.

Angalieni, mama huyu alitafuta riziki ya uzee wake tu; hata hivyo hukumu yake ikawa mlango wa wengi. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti watano wa Selofehadi: waliomba urithi wa baba yao, naye Mungu akalifanya ombi lao kuwa sheria ya Israeli yote. Ajipendaye hutaka apate yeye, hata mwenziwe akikosa. Atakaye haki huomba neno ambalo jirani yake naye aweza kupewa.

Tena Paulo aliwaaibisha Wakorintho kwa kuwa hakuonekana kwao mwenye hekima wa kuwaamua ndugu. Basi wazee wa kanisa wakinyamaza mjane anapofukuzwa, ni nani aliyempeleka mahakamani?

Neno hili latuhusu sisi wa Njombe na Ludewa. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilibatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi. Mwaka 2023 watu wa Mchuchuma na Liganga walianza kulipwa fidia ya mashamba yao kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma. Penye fedha kama hizo, mjane ambaye jina lake halimo katika karatasi aweza kuachwa mikono mitupu.

Kwa hiyo, walimu wa makanisa, yawapasa kuketi na wajane na kuwasomea karatasi zao. Nanyi akina mama mliokwisha kupata haki, msirudi nyumbani mkafunga mlango. Katika Baraza la Ardhi la Kijiji sheria yataka wanawake wasipungue watatu, ketini humo. Aliyekwisha kuvuka mto ndiye ajuaye penye kina. Na asimame ukingoni awaonyeshe wenziwe.

Bwana awatie nguvu.